Mume anataka twende kwao Ahero, nami naogopa malaria

Hujambo Sista?

Mimi ni mama wa watoto wawili, tunaishi Nakuru, upande wa Lanet. Mkubwa ana miaka minne na nusu, mdogo ametimiza mwaka na miezi kadhaa, na sasa nina mimba ya miezi mitano. Mume wangu kwao ni Ahero, karibu na mashamba ya mpunga. Kwetu ni Njoro, na nikikua malaria niliisikia tu kwa redio.

Krismasi iliyopita tulienda kwao. Tulikaa vizuri, watoto wakacheza nje na binamu zao mpaka usiku. Walilala wote sebuleni kwenye mkeka bila neti, kwa sababu neti zilizokuwepo ni mbili: moja ya Dani, ndivyo wanavyomwita nyanya yao, na nyingine ya shemeji yangu mwenye mtoto mchanga. Hakuna aliyeugua tukiwa huko. Tulirudi Nakuru, shule zikafunguliwa, ndipo mkubwa akashikwa na homa.

Kwenye duka la dawa nilipewa dawa ya maji ya kushusha joto na nyingine ya kikohozi. Joto likashuka, likarudi. Tukaenda kliniki moja ya mtaani, wakatoa damu, wakasema ni taifodi na kumpa antibayotiki. Hakuna aliyeuliza tumetoka wapi, wala mimi sikujua kama hilo ni jambo la kusema. Alfajiri moja mtoto akakakamaa, macho yakageuka, povu likamtoka. Jirani alimtia kijiko mdomoni, mwingine akasema ni degedege la mashetani, afukizwe. Hospitalini walikuta ni malaria kali, wakamlaza na kumdunga dawa ya mshipa. Alipona, Mungu asifiwe.

Sasa vita viko nyumbani. Dani alipopigiwa simu alisema ni maembe mabichi aliyokula. Tena akasema wajukuu wake wa pale hulala hivyo hivyo na hawafi, eti mimi ndiye ninayelea watoto laini wa mjini. Mume wangu anamuunga mkono mamake. Anasema amekulia pale na malaria haimtishi. Huweka kwenye droo vidonge vya AL, dawa ya kutibu malaria, vilivyobaki, na akihisi mwili mzito anameza viwili. Anataka twende tena likizo ya Agosti. Nimemwambia siendi, na tangu hapo hatuzungumzi vizuri.

Je, nikatae? Jirani ananishauri sote tumeze dozi ya AL kabla ya safari ili damu iwe safi. Ni sawa? Na mimi mwenye mimba? Halafu mtoto alipopimwa tena wiki mbili baada ya kutoka hospitali, kipimo kilisema bado ana malaria, ingawa alikuwa anacheza na kula. Watu wanasema malaria ikishaingia kwa damu haitoki. Mdogo wake wanalala kitanda kimoja, anaweza kumwambukiza?

Mama wa Wawili, Nakuru

JIBU

Mama wa Wawili, pole sana kwa yaliyompata mtoto. Usikatae kwenda. Watoto wanafaa kumjua Dani wao, na Ahero si mahali pa kukimbiwa. Ila msiende tena jinsi mlivyoenda Krismasi, na zaidi ya yote, msirudi jinsi mlivyorudi. Kilichokaribia kumwua mwanao si usiku ule wa mkekani peke yake. Ni zile siku alizokuwa Nakuru na homa, akitibiwa kila kitu isipokuwa malaria.

Dani amesema nusu ya ukweli, na nusu hiyo ni muhimu uielewe. Mtoto anayezaliwa na kukulia Ahero huumwa na mbu wenye malaria mwaka baada ya mwaka. Akishapita miaka mitano hivi, mwili wake huwa umejifunza kuvizuia vimelea visimzidi nguvu, hata anaweza kuwa navyo kwenye damu na bado akaenda shule. Kwa hivyo hao binamu wanaoamka mkekani wakicheza, huenda wengine wao wana malaria asubuhi hiyo hiyo. Lakini kinga hiyo ina bei, na wanaoilipa ni watoto walio chini ya miaka mitano. Nimefanya kazi katika wodi za watoto za ukanda wa ziwa, na hilo la "watoto wetu hawafi" sijawahi kulisikia likisemwa ndani ya wodi.

Wanao hawana kinga hiyo. Wewe wa Njoro huna. Na mume wako, mwambie kwa upole, yake imepungua. Kinga ya malaria hudumu kwa kuumwa na mbu hao mara kwa mara. Mtu akihamia Nakuru na kukaa miaka, inafifia bila yeye kujua. Niliwaona wanaume wa aina yake wakiletwa hoi baada ya kutoka mazishini nyumbani, na karibu kila mmoja alikuwa amekawia kuja akisema yeye ni mzaliwa wa huko, homa hii ataishinda.

Embe halina hatia yoyote. Maembe huiva wakati mvua zimejaza madimbwi, mbu wakaongezeka, basi tunda likabebeshwa lawama. Malaria huletwa na vimelea vinavyoitwa plasmodiamu, na mlango wao mkuu ni mmoja: mbu jike wa anofelesi. Huyu humuuma mtu mwenye vimelea, navyo hukomaa ndani yake kwa muda wa siku kumi hivi au zaidi, kisha akimuuma mwingine anamwachia. Ronald Ross aliviona ndani ya mbu mwaka wa 1897 kule India, lakini sisi hadi leo tunazishtaki mvua, baridi na matunda.

Nyanda za Kano, iliko Ahero katika Kaunti ya Kisumu, zina kila anachotaka mbu huyo: mashamba ya mpunga yenye maji mwaka mzima, mitaro, Mto Nyando unaofurika, na joto. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na baridi yake huchelewesha vimelea kukomaa, hata mbu akafa kabla hajaweza kuambukiza mtu. Ndiyo sababu mbu mnao Lanet, na wanawapigia kelele masikioni, lakini mtu kupata malaria hapo hapo ni nadra. Hapo ndipo penye mtego. Mtu akiumwa na mbu mwenye vimelea, vimelea hivyo hupitia ini kwanza, na kwa kawaida homa huanza kati ya siku 7 na 30 baadaye. Aliyeumwa Krismasi anaugua Januari, yuko darasani Nakuru, na anapelekwa kwa mhudumu ambaye pengine hajaona mgonjwa wa malaria wiki nzima.

Kwa hivyo, kwa miezi mitatu baada ya kutoka Ahero, homa yoyote ya yeyote kati yenu ichukuliwe kuwa malaria mpaka kipimo kikanushe, na apimwe siku hiyo hiyo inapoanza. Ukiingia kwa daktari, neno la kwanza liwe "tumetoka Ahero", kabla hata hujaeleza kikohozi au tumbo. Kipimo kikisema hakuna malaria na homa bado ipo, rudini kesho yake apimwe tena, kwa sababu vimelea vikiwa vichache huweza kupita bila kuonekana. Dawa ya kushusha joto mpe, haina ubaya, lakini inashusha joto tu. Vimelea inaviacha vilivyo.

Kuhusu taifodi, niseme linalonikera kwa miaka mingi. Kipimo kinachopendwa na kliniki za mitaani, kile cha Widal, hutafuta alama ambazo mwili huacha ukipambana na vijidudu vya taifodi. Alama hizo hubaki muda mrefu baada ya ugonjwa kuisha, na wakati mwingine huonekana kwa mtu mwenye ugonjwa mwingine kabisa. Ndiyo maana Kenya hii kila mtu ana "malaria na taifodi", hata mara tatu kwa mwaka. Ukiambiwa mtoto ana taifodi kwa kipimo hicho pekee, uliza kwa adabu: je, amepimwa malaria? Una haki ya kuuliza, na asiyependa swali hilo mwachie kliniki yake.

Degedege lile halikuwa la mashetani. Malaria kali inapofika kwenye ubongo, au joto linapopanda sana, mtoto hukakamaa. Likitokea tena, mlaze kwa ubavu, legeza nguo, ondoa vitu vinavyoweza kumuumiza, wala usimtie chochote mdomoni. Kijiko huvunja meno na huweza kumziba pumzi. Safari ya hospitali ianze hapo hapo. Vivyo hivyo kwa mtoto asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, anayelala bila kuamka vizuri, anayehema kwa shida, mwenye viganja vyeupe kwa kukosa damu, au anayekojoa mkojo mweusi kama soda ya kola. Huyo hafai vidonge vya nyumbani, anahitaji sindano ya artesunati haraka.

Sasa safari yenyewe. Bebeni neti zenu zilizotiwa dawa, na mtoe moja ya ziada kwa binamu za mkekani. Mkeka hufungiwa neti sawasawa na kitanda: misumari minne ukutani, kamba, na pindo la neti lichomekwe chini ya mkeka pande zote. Anofelesi huuma kuanzia giza linapoingia mpaka alfajiri, na zaidi usiku wa manane, kwa hivyo neti ndiyo kinga kubwa kuliko zote. Kwa ile saa ya kucheza baada ya magharibi, wavalishe suruali na mikono mirefu, uwapake dawa ya kufukuza mbu sehemu zilizo wazi. Dawa ya mbu ya kuchoma husaidia kidogo kwenye sebule lakini haichukui nafasi ya neti. Nyumba nyingi za huko zina nafasi kati ya ukuta na paa, na hapo ndipo mbu hupita kwa wingi. Mume wako akitaka kumfanyia mamake jambo la maana Agosti, azibe zile nafasi kwa wavu mwembamba. Neti ifuliwe kwa sabuni ya kawaida, isiyo kali, na ianikwe kivulini. Wala isiishie kuanikia omena au kuzungushia miche ya sukuma wiki. Nimeona mboga zimelala ndani ya neti mpya ilhali watoto wa nyumba hiyo wako nje.

Yule mtoto mchanga wa shemeji yako aulizwe habari ya chanjo ya malaria. Kenya ilianza kuitoa Septemba 2019, ikizinduliwa Homa Bay, na hutolewa katika kaunti nane za magharibi, Kisumu ikiwemo. Ni dozi nne, ya kwanza akiwa na miezi 6. Haizuii malaria kabisa, ila hupunguza ile kali, kwa hivyo mwenye chanjo bado analala ndani ya neti. Mkubwa wako ameshapita umri, na Nakuru haimo katika mpango huo.

Jirani yako wa "kusafisha damu" usimfuate. AL ni ya kutibu, na haikai mwilini muda wa kutosha kumlinda msafiri. Ziko dawa nyingine za kuzuia malaria kwa watu wasioishi penye ugonjwa huu. Huanza kumezwa kabla ya safari na kuendelea baada ya kurudi, na daktari ndiye huchagua kulingana na umri, uzito na hali ya mtu. Muone angalau wiki mbili au tatu kabla. Doksisaiklini, ambayo watu wazima wengine hupewa, haifai kwako wala kwa watoto wa umri wa wako, kwa hivyo usikubali mtu akuuzie dukani.

Wewe mwenyewe ndiye ninayekuhofia kuliko watoto. Mimba huishusha kinga hata ya mwanamke aliyezaliwa Ahero. Vimelea hujikusanya kwenye kondo la nyuma, mama akapungukiwa damu, mimba ikaharibika, au mtoto akazaliwa na uzito mdogo. Ndiyo maana katika kaunti za ziwa na pwani wajawazito hupewa kliniki vidonge vya SP vya kuzuia malaria, kuanzia mwezi wa nne wa mimba, wanapohudhuria, kukiwa na nafasi ya angalau mwezi mmoja kati ya dozi na dozi. Nakuru si kawaida kuvitoa. Nenda kliniki yako mapema, useme unakwenda wapi na utakaa muda gani, wao wapime na waamue. Kama unatumia Septrin, waambie, kwa sababu hiyo na SP hazichanganywi. Ukishikwa na homa ukiwa huko, pimwa siku hiyo. AL hutumika kwa mimba ya umri wako. Dani akikupa mwarobaini, mshukuru, lakini usiunywe.

Mwanao alipona. Kile kipimo cha haraka cha kuchoma kidole hakitafuti kimelea chenyewe. Hutafuta protini ambayo kimelea huitoa, na protini hiyo huweza kubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya vimelea vyote kufa. Mtoto anayekula na kucheza hahitaji dozi nyingine kwa sababu ya mstari huo. Homa ikirudi ndani ya mwezi mmoja, basi aangaliwe damu kwa hadubini, ambako vimelea vyenyewe huonekana na kuhesabiwa. Na aina ya malaria iliyo nyingi kwetu, ya falsiparamu, haijifichi kwenye ini miaka na miaka. Ikitibiwa kikamilifu inaisha, na anayeugua tena mara nyingi ameumwa na mbu upya. Kulala kitanda kimoja, kula sahani moja au kupumuliana hakuambukizi, kwa hivyo waache walale pamoja.

Limebaki la droo ya mume wako, na hapa sitakuwa mpole sana. Dozi ya AL kwa mtu mzima ni vidonge vinne mara sita: vya kwanza, vya pili baada ya kupita muda wa saa nane, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Humezwa baada ya chakula au na maziwa, kwa sababu mafuta ndiyo huisaidia kuingia mwilini. Mtoto hupewa kwa uzito wake, na akitapika kabla ya nusu saa kuisha anarudiwa dozi hiyo. Vikibaki vidonge, maana yake kuna mtu hakutibiwa. Vidonge viwili vya mwili mzito havitibu malaria ikiwa ipo, na ikiwa haipo havina kazi. Vinachofanya ni kuua vimelea dhaifu na kuviacha sugu vizaane. Klorokwini tuliiacha mwaka wa 1998 kwa sababu hiyo, SP ikaachwa kuwa tiba mwaka wa 2004, na vimelea vinavyochelewa kufa kwa dawa za artemisinini, kundi ambalo AL imo, vimethibitishwa tayari Uganda na Rwanda. Uganda si mbali na Ahero. Hivyo vya droo arudishe kwenye duka la dawa.

Mazungumzo na mume wako yasianze na mamake. Anza na mtoto wodini, yeye alimwona. Mwambie utakwenda Agosti, na mtakubaliana mambo matatu: neti, kumuona daktari kabla, na kupimwa siku ya kwanza ya homa mkirudi. Sidhani ataweza kulikataa hata moja. Dani naye mpe kazi. Huko kuna wahudumu wa afya wa jamii wanaopita nyumba kwa nyumba, na wengi wao hupima malaria kwa kuchoma kidole na kutoa dawa hapo hapo nyumbani. Mpigie simu kabla hamjatoka Nakuru, umwombe akuulizie wa kijiji chake anapatikana wapi usiku. Atakuwa anamjua kwa jina.